Kidari cha Mwalimu wa Tumsifu

Hapo zamani, si ile ya fisi kuoa na sungura kuhukumu, bali ile ya karibu ambapo mashine ya kusaga ilikwisha kufika milimani, palikuwa na kijiji cha wakulima wa tangawizi kiitwacho Kwamndeme. Humo aliishi mjane, Nakundwa, na binti yake Tumsifu, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa chumvi, sabuni na sare za shule za nyumba ile, kwa hiyo mkisikia kwamba Nakundwa alimsemesha kama mtu, msimcheke.

Masika ya mwaka ule mto ulijaa ukabeba daraja. Shule ilikuwa upande huu, walimu walikuwa upande ule. Shule ikafungwa. Watoto walifurahi, na msinidanganye kwamba ninyi msingefurahi. Lakini siku zikapita, furaha ikachacha, watoto wakabaki kurushiana mawe na kuiba miwa ya watu. Nakundwa akaanza kuingiwa na hofu. Yeye alitolewa shule utotoni kwa muda mfupi tu, eti atarudi, na hakurudi mpaka leo.

Sasa, ng'ambo ya mto alikuwako Mwalimu Mbwambo, mtu asiyejua kukaa bure. Alisimama ukingoni akapaza sauti mpaka ikakauka. Maji yalinguruma, halikusikika hata neno. Kesho yake akaja na ndoo ya chokaa na ufagio. Kule kwake kulikuwa na jabali kubwa jeusi. Akachora mbuzi, chini yake akaandika MBUZI. Akachora chungu, akaandika CHUNGU. Watoto upande huu wakakaa nyasini, wakasoma, wakaandika mchangani kwa vijiti. Mvua ikifuta, mwalimu anaandika upya. Kuchora hakujua, ng'ombe wake alifanana na meza, lakini Tumsifu alisoma maneno, kisha akasoma sentensi nzima.

Mchana watoto walitumwa mashineni kwa Mzee Msangi. Mzee Msangi alichoshwa na kelele zao, akatoa amri.

"Hapa hasagiwi mtu mpaka ajibu. Debe zima ni vikombe vingapi? Nusu debe je? Robo je?"

Aliyekosa alirudi nyuma ya foleni. Tumsifu alirudi nyuma mara nyingi, unga ukachelewa, mama akawaka. Baadaye hakurudi nyuma tena.

Jioni walikwenda kwa Bibi Naetwe, mama mkwe wa Nakundwa. Bibi alisimulia hadithi huku akizivuruga makusudi. Chui anakula majani. Mtu anakufa mwanzoni, anaoa mwishoni. Aliyenyamaza alikosa kiazi. Aliyesema, "Bibi, samahani, hapo umekosea," akaeleza kwa nini, alipewa kiazi cha kuchoma, cha moto.

Jirani wa Nakundwa alikasirika, akawakataza wanawe kwenda. "Mama, unawafundisha watoto kubishana na wakubwa."

"Nawafundisha kubishana kwa adabu," Bibi akamjibu. "Kubishana bila adabu wanajua wenyewe."

Basi kupe wakaingia kijijini. Zefania, shemeji yake Nakundwa, mtu wa sauti kubwa na haraka nyingi, akapata dawa ya kuogeshea mifugo. Asubuhi akaogesha mbuzi wa jirani kwa chupa nzima, wana wa jirani wakimshikia mbuzi, jioni akaja kwa Nakundwa na chupa nyingine.

"Shemeji, lete maji. Tunamimina chupa yote. Dawa hafifu ni maji ya kunawa tu."

Tumsifu akaiokota chupa, akaisoma polepole, midomo ikicheza.

"Shikamoo, baba mdogo. Samahani, hapo umekosea. Wameandika kifuniko kimoja kwa debe zima la maji. Sisi tuna nusu debe. Ni nusu kifuniko."

Nakundwa aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mkono ulikwisha kunyanyuka kumfinya mtoto.

"Huyu ndiye wa kunifundisha mimi ng'ombe?" Zefania akauliza.

Nakundwa akamtazama shemeji, akamtazama mtoto, akamtazama ng'ombe. Mkono ukashuka.

"Shemeji, niwie radhi. Leo tufuate chupa."

Zefania akaondoka amenuna, mama na mtoto wakamwogesha ng'ombe kwa nusu kifuniko. Kulipokucha, mbuzi wa jirani walikutwa wamelala, povu mdomoni, hawainuki. Ng'ombe wa Nakundwa alikuwa amesimama anacheua.

Maji yalipopungua, watu wakatandika magogo, mwalimu akavuka. Nakundwa akanunua beberu, akamchinja. Desturi ya Kwamndeme ni kwamba mzazi aliyefurahia elimu ya mwanawe huchinja, na kidari, yaani nyama ya kifua, humpa mwalimu. Kidari hicho hakikatwi wala hakigawanywi. Na anayekipokea huwa mzazi wa pili: likija shauri la njia ya mtoto, neno lake husikilizwa kwanza. Ndiyo maana Nakundwa alisimama na sinia katikati ya watu, asijue ampelekee nani. Hakuwa anagawa nyama, alikuwa anamgawa Tumsifu.

Mwalimu Mbwambo akasema, "Bila jabali langu, chupa ile ingekuwa chupa tu. Nipe mimi. Mwakani namvusha mto akasome bweni."

Mzee Msangi akasema, "Kusoma bila kipimo angemimina kifuniko kizima, na ng'ombe angelala. Nipe mimi. Sina mtoto, mashine itakuwa yake."

Bibi Naetwe akasema, "Wana wa jirani walisoma jabali hilohilo, wakasaga kwenye mashine hiyohiyo. Chupa waliisoma, kosa waliliona, wakanyamaza kwa kumwogopa mkubwa, mbuzi wakafa. Kwangu hawakuja. Nipe mimi, mkwe wangu. Mtoto abaki hapa, macho yangu yanafifia."

"Na mimi je?" akadakia Zefania. "Nisingekosea, mngejuaje kama amefundishika?" Watu wakacheka mpaka naye akacheka.

Nakundwa hakucheka. Akainama kwa binti yake. "Wewe mwanangu, unasemaje?"

"Mama," Tumsifu akasema, "wao walinifundisha, kila mmoja na lake. Lakini siku ile ungenifinya, ningenyamaza, na nisingesema tena. Aliyenisikiliza ni wewe."

Wazee wakaulizana kwa macho kama mzazi anaruhusiwa kula kidari cha mwanawe. Hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna mzazi aliyewahi kuuliza. Machozi yakamtoka Nakundwa, akayaacha yatiririke, maana mikono yote miwili ilikuwa na sinia.

Nyama inapoa, jamani, na mnaosikiliza hapa wote mlifundishwa na mtu. Wa chokaa, wa debe, wa kiazi, au yule aliyeshusha mkono: je, nani alistahili kidari?