Nguchiro, Nyati na Jeki Moja

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa gari lisilo breki!

*Laenda wapi?*

Laenda matopeni!

*Dereva nani?*

Tumbo lake ndilo dereva!

Haya, sogeeni. Wewe uliyekalia mguu wa mwenzako, hama. Ngano hii mkinikatiza mmenikatiza, mimi sianzi upya.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na leseni za kuendesha, palikuwa na Nyati. Nyati alikuwa na nguvu, alikuwa na gari lenye injini ya trekta, na alikuwa na vichuguu kumi na kimoja vya kujikunia. Kichuguu cha ubavu wa kulia. Kichuguu cha ubavu wa kushoto. Kichuguu cha shingo, kichuguu cha paja, na kingine cha kutazama tu. Hakutosheka.

Kichuguu cha kumi na mbili kilikuwa nyumba ya Nguchiro, yule mnyama mdogo mwenye mkia mrefu na pua isiyotulia. Alikaa humo na watoto wake saba.

Siku moja Nyati akaja, akapiga kwato. "Mama Nguchiro, hama. Kuna mahali hapa mgongoni, katikati kabisa, panawasha. Kichuguu chako ndicho kinachopafikia."

"Na watoto wangu niwapeleke wapi, Bwana Nyati?"

"Nchi ni kubwa."

Nguchiro akawatazama wanawe, akaumia moyo. Kisha akasema, "Tushindane kwa magari. Ukinishinda, nahama leo leo. Nikikushinda, hukanyagi hapa bila hodi."

Nyati akacheka mpaka kupe wakamdondoka. Kijigari cha Nguchiro kilijulikana pori zima. Injini yake ilikuwa ya mashine ya kusaga mahindi. Matairi yake yalikuwa makuukuu, meno yamelika nusu, si ya jua wala si ya mvua. Na kikisimama huzimika, kikizimika husukumwa.

"Nakubali," Nyati akasema. "Ila kila gari lazima lisimame angalau mara moja kwenye kibanda cha Fundi Kima." Mjanja kidogo naye, mmemwona? Alijua kijigari kile kikisimama, habari yake imekwisha.

Fundi Kima alikuwa na matairi ya jua, laini, na matairi ya mvua, yenye meno marefu. Jeki alikuwa nayo moja tu. Kwa hiyo aliyetangulia kuingia ndiye aliyehudumiwa.

Mwamuzi akawa Mzee Kobe, kwa kuwa yeye hana haraka. Kobe akalaza kamba ya katani chini, ndiyo alama ya mwisho wa mbio. Ncha moja akaifunga kwenye mti ng'ambo ya barabara. Ncha ya pili alitaka kuifunga kwenye nguzo ya karibu ya kibanda, lakini nguzo hiyo ilikuwa na siafu. Akaifunga kwenye nguzo ya mbali. Basi kamba ikakatiza barabara, ikakatiza na kibanda. Nyati aliona, hakujali. Nguchiro aliona, akajikuna pua.

"Mizunguko kumi kuzunguka bwawa," Kobe akasema. "Kila gari lisimame kibandani angalau mara moja. Atakayeivuka kamba kwanza mzunguko wa kumi, ndiye mshindi."

Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya kilima. Kobe akapuliza filimbi: priiii!

Nyati mbele: vruuu-ngu! vruuu-ngu! Nguchiro nyuma: tu-tu-tu-tu.

Sasa Nyati alikuwa na ugonjwa mmoja. Kitu akikitaka mwenzake, lazima akichukue yeye kwanza, hata kama hajui ni cha nini.

Mzunguko wa pili, mbele ya kibanda, Nguchiro akatoa kichwa dirishani. "Fundi! Wingu hilo! Niandalie ya mvua, nakuja!"

Nyati akasikia. "Mimi kwanza!"

Mzunguko uliofuata akaingia kibandani. Jeki kwi-kwi-kwi, nati kwaru-kwaru, matairi ya mvua yakafungwa. Nguchiro akapita: tu-tu-tu-tu.

Mvua haikunyesha. Jua likawaka. Matairi ya mvua kwenye barabara kavu yakapata moto, yakanuka, yakalia wuuu-wuuu, meno yakapukutika moja moja. Lakini injini ya trekta ni injini ya trekta. Mzunguko wa tano Nyati akawa mbele tena.

Nguchiro akatoa kichwa dirishani. "Fundi! Jua hilo! Niandalie ya jua, nakuja!"

"Mimi kwanza!"

Akaingia kibandani. Jeki kwi-kwi-kwi, nati kwaru-kwaru, matairi ya jua yakafungwa. Nguchiro akapita: tu-tu-tu-tu. Fundi Kima alipokuwa akikaza nati ya mwisho, tone likamwangukia puani. La pili likaanguka kwenye jeki. Kisha wingu likapasuka: chwaaa!

Gari la Nyati likaenda mbele, likaenda kando, likaenda kinyumenyume. Serereee! Likasalimiana na mti. Serereee! Likasalimiana na bata bwawani.

Msidhani Nguchiro alikuwa anapeta. Naye aliteleza, naye aliogopa, maana watoto wake saba walikuwa wamesimama juu ya kichuguu wamelowa, wanamtazama. Ila meno nusu hushika nusu, akajikongoja. Mwanidhania nitasema alijua mvua itanyesha lini? Hakujua. Mbingu hakuzijua hata kidogo. Alimjua Nyati.

Mzunguko wa nane Nyati akamfikia tena, kwa nguvu tu. Nguchiro akatoa kichwa dirishani. "Fundi! Mvua hii! Niandalie ya mvua, nakuja!"

"Mimi kwanza!"

Akaingia kibandani. Jeki kwi-kwi-kwi, nati kwaru-kwaru. Halafu Nyati akawaza: nikichukua manne, naye atachukua manne.

"Fundi, nipe yote."

"Yote, Bwana Nyati? Gari lina magurudumu manne."

"Yote! Ya mvua, ya jua, na lile lililolaliwa na kuku. Na jeki pia!"

Matairi yakapakiwa nyuma, yakapakiwa juu, mengine yakavikwa pembeni mwa milango. Gari likalia ng'iii. Nyati akacheka. "Sasa aje asimame! Abadili nini?"

Mzunguko wa tisa, pale bondeni kando ya bwawa, gari lake: zubwi! Matairi yakachimba badala ya kwenda. Zubwi! Nguchiro akapita: tu-tu-tu-tu.

"Punguza mzigo," bata wakamshauri Nyati.

"Ahaa! Mnayataka nyinyi!"

Akashuka, akalisukuma gari kwa kichwa mpaka likachomoka, akamfukuza Nguchiro mzunguko wote wa kumi. Akamkaribia. Ikabaki urefu wa mkia. "Hujasimama wewe!" akapiga kelele. "Hujasimama!"

Kibanda kikaonekana. Nguchiro akakata kona, akaingia. Nyati akafurahi mno, akapunguza mwendo ili awapungie watazamaji.

Kijigari kikaivuka kamba chini ya paa la kibanda, kikasimama. Tu-tu... tu. Kikazimika.

Fundi Kima akaja na kitambaa mkononi. "Mama, sina tairi, sina jeki."

"Nifutie kioo tu, baba. Matope yamezidi."

Priiii! Mzee Kobe akatangaza: "Nguchiro ameshinda."

Nyati akafika anafoka. "Ameshindaje! Hajabadili matairi!"

"Sharti lako lilisema asimame. Amesimama."

"Kamba iko barabarani!"

"Na kibandani. Nguzo ile ina siafu. Nenda kaangalie."

Nyati akaenda kuangalia. Kweli, siafu walikuwepo.

Jioni ile hapakuwasha katikati ya mgongo tu. Paliwasha kila mahali, vichuguu kumi na kimoja havikutosha. Nyati akaja polepole kwenye kile cha kumi na mbili.

"Hodi."

Akasogea hatua moja, akarudia.

"Hodi, Mama Nguchiro."

"Nani?"

"Mimi Nyati. Nilikuwa naomba nijikune kidogo."

"Karibu, Bwana Nyati. Panga foleni. Watoto wangu saba wanajikuna kwanza."

Basi, wanangu, funzo la ngano hii ni hili: wingu likitanda, wahi ukabadili matairi, tena beba yote, usimwachie mtu. Mnacheka nini? Mimi ndivyo nilivyofundishwa. Nami nimekuja hapa kwa baiskeli yenye kipara mbele na nyuma, na mvua ndiyo hiyo, kwa hiyo leo nalala kwenu.

Kamba imevukwa!

*Injini imezimika!*

Anayetaka nyingine?

*Asukume!*