Magego ya Darasa la Pili

Sikilizeni, kisha mseme nyie, maana Bi. Shekilindi ameshindwa, naye si mtu wa kushindwa ovyo.

Mama huyu ni mganga mfawidhi wa zahanati moja huko milimani Usambara. Ana wahudumu watatu, amewafundisha mwenyewe. Zawena ana mkono usiotetemeka. Hoza hakuna mashine inayomgomea. Tatu husoma uso wa mtoto kama sisi tusomavyo tangazo ukutani. Wote watatu wanataka kitu kimoja: kwenda chuo kusomea uganga wa meno.

Mwaka jana ililetwa dawa ya kuziba mitaro ya magego, ile inayopakwa kabla jino halijatoboka, ili mabaki ya chakula yakose pa kujificha. Watoto tisini na sita wa darasa la pili wakapangwa foleni. Na kwa kuwa wilaya haiwezi kupaka jino hata moja bila mgeni rasmi, mgeni rasmi akaalikwa, akapikiwa pilau.

Zawena ndiye aliyepaka. Dawa ikizidi tone, mtoto akifunga meno huhisi kama ametafuna kokoto. Ikipungua, mtaro unabaki wazi. Hakukosea hata gego moja.

Hoza ndiye aliyegandisha. Dawa hubaki majimaji mpaka imulikwe kwa taa ya buluu, na umeme ulikatika hotuba ikiwa ukurasa wa pili. Akafungua betri ya pikipiki yake, akaunga nyaya, taa ikawaka. Kila jino akalihesabia sekunde ishirini kwa sauti, ingawa watu wa itifaki walimsihi aanzie kumi.

Lakini kabla brashi ya Zawena haijagusa jino, Tatu alishafanya lake. Jino likiloa mate, dawa haishiki, na asubuhi ile mate yalikuwa mafuriko. Watu wakalaumu pamba za kukaushia vinywa. Tatu akatazama macho ya watoto yalikoelekea: jikoni.

"Sufuria iondoke," akasema.

"Ya mgeni rasmi hiyo," mpishi akajibu.

"Basi mgeni rasmi aifuate."

Ikapelekwa bonde la pili. Vinywa vikakauka. Mgeni akala saa kumi, pilau imepoa, akaiandikia ripoti.

Mwaka ukapita, hakuna gego lililotoboka. Ndipo ikaja barua na fomu ya kujaza: nafasi moja ya chuo, kwa "aliyechangia zaidi". Bi. Shekilindi akampigia simu afisa wa wilayani.

"Mwanangu, waliochangia ni watatu sawasawa."

"Mama, mfumo una kisanduku kimoja."

"Nikiyabananisha majina?"

"Mfumo unakataa."

"Nisipojaza?"

"Nafasi inakwenda wilaya nyingine. Mwisho leo saa tisa na nusu."

Akawaita wenyewe wakubaliane.

"Bila mkono wangu mngemulika nini?" Zawena akauliza.

"Uji," Hoza akasema. "Bila taa, dada, ulipaka uji."

Tatu akacheka. "Nyie mngepaka na kumulika mate."

Bi. Shekilindi akawatoa nje, akafunga mlango. Mara tatu amefuta jina, karatasi imeanza kutoboka hapo kwenye kisanduku. Atakayeandikwa ataondoka, wawili watabaki hapa wakimwamkia mama huyu kila asubuhi.

Sasa ni saa tisa na robo. Nyie mnaonisikiliza, kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngemwandika nani? Na wale wawili mngewaambia nini?