Sosi Mpya ya Bi Mosi

Palikuwa na duka la Bwana Suwedi, na kwenye baraza lake alikaa Bi Mosi akikaanga mihogo. Watu walimiminika kwa ajili ya sosi ya ukwaju, aliyoipika mwenyewe kwenye chungu. Sosi za chupa za Bwana Suwedi zilijaa vumbi rafuni, na asubuhi moja akatoka amekunja uso.

“Sitaki kukiona tena hicho chungu hapa. Uza mihogo kwa sosi yangu, ama uhame!”

“Tugombane kwa lipi, bwana?” akasema Bi Mosi. “Niuzie chupa moja.”

Akaiweka mezani, chungu akakirudisha nyumbani. Wiki nzima foleni haikupungua. Siku ya saba Bwana Suwedi uzalendo ukamshinda. Akachovya kipande cha muhogo, akalamba mpaka vidole.

“Mnaona?” akawatangazia wateja. “Hii ndiyo sosi! Ile ya chungu ilikuwa uchafu mtupu.”

“Kweli, bwana,” akasema Bi Mosi kwa upole. “Sijui aliyeipika hii anastahili nini.”

“Huyo? Angekuwa hapa, ningempa baraza hili akae bure mpaka afe!”

“Jamani, mmesikia?”

“Tumesikia!” wakaitikia wateja.

“Haya, bwana, tangu siku ile umeniuzia chupa ngapi?”

Bwana Suwedi akaanza kuhesabu kwa vidole.

“Moja,” Bi Mosi akamjibia, akiitikisa. “Nayo imeisha tena. Niangalizie mihogo, nikaijaze nyumbani.”