Hodi ya Mwinyikombo

Haya wanangu, mpo? Mkiwepo nyie, na hadithi ipo.

Zamani watu walikuwa wanaruka kwa mkeka, wamebanana kumi kumi, wanacheka, wanasengenyana. Mkeka una mwiko wake: ukitaka kushuka nyumbani kwa mtu unapiga hodi, na haushuki mpaka mwenye nyumba aitikie karibu.

Sasa Mwinyikombo, mtoto wa pekee wa Bi Mize, akapewa na jini mtungi wa dhahabu isiyokwisha. Weee! Akajinunulia mkeka wa peke yake, mito ya hariri, mapazia pande zote.

Akapita juu ya nyumba ya mamake. Bi Mize akapunga kanga. "Mwanangu, piga hodi, nimekupikia mkate wa kumimina."

Pazia halikufunguka.

Akapita tena. "Mwanangu, naumwa. Hodi yako tu."

"Kesho, mama."

Mara ya tatu akafungua pazia mwenyewe. "Hodi, mama. Hodi. Hodi."

Kanga iko kambani, mwenye kanga kazikwa jana.

Mpaka leo anazunguka juu ya paa lile. Majirani wote tunamwitikia karibu, lakini nyumba si yetu.

Hadithi yangu imetua. Yeye bado.