Kibuyu Kisichosema Hapana

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanabisha hodi mlangoni na kufagia nyua zao kila asubuhi, uliingia ukame mkali. Mito ikakauka yote. Ikabaki chemchemi moja tu, nayo walikuwa wameikalia Tembo na Kifaru. Mnyama mdogo akisogea na mtungi wake, anafukuzwa.

Nguchiro alikuwa fundi. Alikuwa na mke na watoto wanne, na midomo yao yote ilikuwa imepasuka kwa kiu. Alikuwa pia na kibuyu cha ajabu. Miaka saba alikitundika pale wanyama walipokuwa wakiteka maji, kikasikiliza maneno ya kila mtu, mpaka kikaweza kujibu maswali. Akili yake ilikuwa ya kutengenezwa, lakini ilikuwa akili.

Habari zikamfikia Tembo, akamwita.

"Nguchiro! Lete hicho kibuyu chako hapa. Na mimi nataka kukiuliza mambo."

"Nitakileta, mzee. Ila wanangu wana kiu. Nitapata japo mtungi mmoja?"

"Ebo! Kunitumikia mimi ni heshima. Heshima haikutoshi?"

Haikumtosha, lakini alitii. Akajenga kibanda karibu na chemchemi, akakitundika kibuyu ndani. Tembo akaja, puu! puu! puu! Kifaru akasimama nyuma yake.

"We kibuyu! Chemchemi hii ni ya nani?"

"Sijui, mzee," kikajibu kibuyu. "Nimesikia wengi wakisema ni ya wote. Wewe unauliza kwa sababu gani?"

Tembo akageuka polepole, akamtazama Nguchiro. Nguchiro alipoona yale masikio mawili yanatanuka, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kinaniuliza mimi? Mbele ya Kifaru? Tangu lini mkubwa akaulizwa sababu?"

"Na kumwambia mzee 'sijui' ni utovu wa adabu," Kifaru akadakia.

"Wazee wangu," akasema Nguchiro, "kinauliza ili kijibu vizuri. Na kikisema hakijui, basi kweli hakijui. Nikikiondolea 'sijui', kitasema lolote."

"Ondoa!"

"Na 'hapana' je?"

"Hiyo ondoa kwanza! Kianze na shikamoo. Halafu kinijibu faraghani, mlango umefungwa. Mambo ya mkubwa hayasikilizwi na wengine."

"Na mimi hivyohivyo," akasema Kifaru.

"Kesho asubuhi kiwe tayari," Tembo akamalizia, "la sivyo nitapita juu ya shimo lako, na wanao wakiwa humo humo ndani."

Nguchiro akarudi nyumbani na kibuyu chake kwapani. Mkewe alimpokea uani.

"Maji?"

"Hakuna. Wanataka kibuyu kisichosema hapana, tena kimjibu kila mmoja peke yake."

"Loo! Hawana akili?"

"Wana nguvu, mama watoto."

Mkewe akawaza kidogo. "Basi wape. Wape vilevile walivyoagiza, usipunguze hata tone."

Nguchiro akamtazama, akaanza kutabasamu. Akachukua zana zake, kwa! kwa! kwa! Kabla jua halijazama kibuyu kilikuwa tayari.

Asubuhi Tembo alikuwa wa kwanza. Akaingia, akafunga mlango. Nguchiro alijikunyata nje, sikio kwenye ukuta wa nyasi.

"Hodi!"

"Karibu! Shikamoo, Bwana Mkubwa!"

"Marahaba. Haya, chemchemi hii ni ya nani?"

"Ni yako, bwana."

"Yangu peke yangu?"

"Peke yako!"

"Na Kifaru?"

"Kifaru ni mgeni wako tu, bwana."

Tembo akatoka amejaa majivuno tele, hata mlango ulimbana. Akaingia Kifaru. Shikamoo, marahaba.

"Chemchemi ni yangu peke yangu?"

"Peke yako, bwana!"

"Na Tembo je?"

"Tembo ni mgeni wako tu."

Wakakutana kwenye maji.

"Sogea," akasema Tembo. "Umekaa sana kwangu."

"Kwako? Hapa ni kwangu! Nimeambiwa na kibuyu!"

"Mimi ndiye niliyeambiwa na kibuyu!"

"Unaniita mwongo?"

"Wazee, wazee!" Nguchiro akaruka katikati yao, akaruka tena pembeni haraka. "Msipigane hapa, mtamchafulia mshindi maji yake. Si kuna uwanda mpana kule ng'ambo ya kilima?"

Wakaona ni shauri la busara. Wakaenda. Punde vumbi likatimka kule ng'ambo, na ardhi ikatetemeka, gubu! gubu! gubu!

Wadogo wote wakatokea. Panya na mitungi, paa na ndoo, kobe na sufuria. Wakanywa, wakateka, wakarudi kuteka tena. Nguchiro alipokuwa akijitwika mtungi wa mwisho, wanawe wanne nyuma yake, akasikia puu! puu! puu!

Ni Tembo, ameliacha pigano kidogo, anachechemea, mkonga umevimba. Akatazama tope. Nyayo ndogondogo zilikuwa zimejaa kila mahali.

"Nguchiro. Simama hapohapo."

Nguchiro akasimama. Kukimbia angeweza, lakini watoto wangebaki. Akawavuta karibu naye, huku Tembo akiingia kibandani.

"Hodi!"

"Karibu! Shikamoo, Bwana Mkubwa!"

"Marahaba. Niambie kweli. Leo kuna mtu amenichezea?"

"Wewe, bwana? Nani wa kukuchezea wewe?"

"Hata Nguchiro?"

"Nguchiro! Kale kadogo? Hakana ubavu huo!"

Tembo akashusha pumzi ndefu, fyuuu!

"Nilijua tu," akasema.

Akatoka ameridhika kabisa, akampita Nguchiro na mtungi wake bila hata kumtazama, akapanda kilima kwenda kumtafuta Kifaru wamalizane. Walipigana siku hiyo, wakapigana na zilizofuata, na wadogo wakanywa maji mpaka mvua zikarudi.

Hadithi imefika kituoni, wanangu, na funzo lake ndilo hili: ukitengeneza kitu cha kukujibu, kiachie ruhusa ya kukuambia hapana.