Mwenye Kiwanda Aliyekataa Kufundisha

Mwenye kiwanda, mwenye saluni, mwenye gereji, hii ni ya kwako. Isome mpaka mwisho ndipo umtumie mwenzio.

Katika mkoa mmoja unaolima alizeti kulikuwa na bwana mmoja aitwaye Kitundu, mwenye kiwanda cha kukamua mafuta. Alikuwa na mashine nne, ukuta uliopakwa rangi ya njano, na lori lenye jina lake ubavuni. Alijiamini kupita kiasi, na sababu alikuwa nazo. Mafuta yake yalikuwa masafi na wateja hawakumkimbia.

Ila kuna jambo moja alipenda kujisifia kila penye watu. Kwamba miaka kumi na moja tangu afungue kiwanda, hajawahi kumfundisha mtu kazi hata mmoja. Alisema kile ni kiwanda, si chuo, na watu walicheka pamoja naye.

Sasa utajiuliza, waendesha mashine alikuwa akiwatoa wapi? Alikuwa akiwatoa kwa Bi Sarafina.

Bi Sarafina alikuwa na kiwanda kidogo upande wa pili wa mji, mashine mbili tu, tena kuukuu. Ofisi ya ajira ya mkoa ilimpelekea vijana wasiojua hata mashine inawashiwa wapi, naye akawapokea. Akawafundisha kujua mbegu iliyokauka sawasawa, kusikiliza mashine inavyonguruma, na kushika mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, ili wajue kama bado yana mafuta ndani. Vijana walimharibia mbegu, wakamzibia mashine. Alifungua, akasafisha, akaanza nao upya. Mwaka ukipita kijana anaiva, na akishaiva tu Kitundu anatuma salamu: njoo kwangu, nakuongezea mshahara kidogo. Kijana huyoo, anaondoka.

Kitundu hakuona ubaya wowote. Mtu ana miguu yake, aende anakotaka. Kwa mtindo huo alikuwa ameshachukua saba, na wenye viwanda wengine walipoona mambo yanamnyookea, nao wakafuata nyayo.

Mwaka mmoja, msimu wa mavuno ulipowadia, Kitundu akapata mkataba aliousaka muda mrefu: kuziuzia mafuta shule zote za bweni za mkoa ule. Sharti lilikuwa moja. Mzigo wa kwanza ufike ndani ya miezi miwili, la sivyo mkataba anapewa mwingine. Wiki ileile aliyotia saini, waendesha mashine wake wote watatu wakaaga. Jirani yake mwenye kiwanda alikuwa amewaongezea mshahara kidogo.

Weee! Kitundu alifoka siku ile mpaka sauti ikamkauka. Alisema huo ni wizi wa mchana kweupe. Karani wake aliinamisha kichwa kwenye makaratasi ili asionekane anacheka.

Akaenda mbio ofisi ya ajira kwa ofisa Ntandu, akataka waendesha mashine wenye uzoefu, tena leo leo. Ntandu akafungua daftari lake na kumweleza bila kumficha. Kila mwendesha mashine aliyeandikwa humo alipitia kwa Bi Sarafina, na Bi Sarafina amechoka. Tangu mwezi uliopita hapokei tena wanafunzi. Amebaki na wafanyakazi wake wawili, basi. Ofisi ina vijana zaidi ya mia wanaotaka kujifunza na hakuna pa kuwapeleka. Je, Bwana Kitundu atawachukua wanne?

Kitundu alisonya. Akasema yeye amekuja kutafuta mafundi, hakuja kutafuta watoto wa kulea. Akageuza gari, moja kwa moja hadi kwa Bi Sarafina.

Alimkuta amesimama kando ya mashine, mikono imelowa mafuta. Akamwamkia kwa adabu zote, akasifia mashine, akasifia na mji mzima. Mwisho akatoa shida yake: anawataka wale wafanyakazi wawili, na safari hii yuko tayari kumlipa hata yeye mwenyewe.

Bi Sarafina alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Pesa yako sitaki," akasema. "Niletee mtu mmoja tu, uliyemfundisha wewe kwa mkono wako. Nitakupa wangu wawili, na wenyewe nitawauliza."

Kitundu akafungua mdomo ataje jina. Akamfikiria wa kwanza, katoka kwa Bi Sarafina. Wa pili, kwa Bi Sarafina. Akawapitia wote kichwani, kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta funguo. Hakupata hata mmoja.

"Sina," akasema.

"Kamtengeneze, basi. Mimi nipo."

Alirudi amenuna, lakini njiani akili ikaanza kufanya kazi. Mmoja kwa wawili! Nani anaikataa biashara hiyo? Kazi ya mashine aliijua mwenyewe tangu ujana wake. Angemfundisha mtu harakaharaka, angembadilisha, mzigo ungetoka. Akamchagua Yunis, binti aliyekuwa akishona magunia ya mashudu, kwa sababu moja tu: hakuwahi kuchelewa kazini.

Siku ya kwanza Yunis aliziba mashine. Kitundu alipiga kelele, kisha akavua saa ya mkononi na kuifungua mashine mwenyewe, kwa muda wa saa mbili nzima, mafuta mpaka viwikoni. Wiki ya pili Yunis aliunguza mbegu alipokuwa akizipasha moto, mafuta yakanuka moshi, yakamwagwa. Kitundu alitaka kumfukuza. Akamtazama binti wa watu anavyokwangua mbegu zilizoungua, akajikuta anamwambia kesho tutaanza mapema zaidi.

Na walianza mapema. Yunis alikuwa anafika kabla yake, anaweka sikio karibu na mashine, anasikiliza. Wiki ya sita akamwambia bosi wake kwamba mashine ya tatu inabakiza mafuta kwenye mashudu. Kitundu akakataa katakata. Yunis akamwekea mashudu kiganjani na kumwambia akamue. Kiganja kikang'aa mafuta. Kitundu hakuwa amelijua hilo, na furaha aliyoisikia siku ile ilimshangaza mwenyewe. Jioni alipokwenda kunyoa aliwasimulia watu habari za Yunis, na hakuna aliyemuuliza.

Zikabaki siku kumi. Mzigo ulikuwa haujafika hata nusu, maana watu wawili hawawezi mashine nne. Kitundu akamweleza Yunis makubaliano yote: mshahara hautapungua, Bi Sarafina ni mtu mwema. Yunis akasema sawa, bosi. Wakapanda gari, wakaenda kwa Bi Sarafina.

Wale wafanyakazi wawili walikuwa wamesimama mlangoni na mabegi yao. Bi Sarafina akampa Yunis mashudu. Binti akayaminya, akanusa, akaenda kwenye mashine na kuikaza kidogo tu. Mashine ikabadilisha mlio.

"Ameiva," akasema Bi Sarafina. "Huyu wangu, wale wako."

Kitundu hakusogea.

"Mama, huyu simtoi."

"Na mkataba?"

"Uende kama unakwenda. Simtoi. Hujui nilivyohangaika na huyu binti."

Maneno yalipomtoka ndipo alipoyasikia. Alikuwa anamwambia nani hayo? Anamwambia mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimchukulia watu saba, mmoja baada ya mwingine, bila hata ahsante. Aibu ilimshika, akakaa juu ya gunia la mbegu na kuinamisha kichwa.

Bi Sarafina hakumcheka.

"Mimi nilihangaika na saba," akasema.

Kitundu akaomba radhi, mbele ya wafanyakazi na mbele ya Yunis. Bi Sarafina akawaambia wale wawili wapakie mabegi yao kwenye gari la Kitundu.

"Sikupi, nakuazima," akasema. "Mzigo ukitoka, unirudishie watu wangu."

Kabla ya kufika kiwandani Kitundu alisimama kwa ofisa Ntandu, akaomba vijana wanne kutoka kwenye lile daftari. Ntandu alimuuliza mara mbili kama kasikia vizuri.

Mzigo ulitoka siku ya mwisho, saa chache kabla ya muda kwisha. Kesho yake asubuhi Kitundu aliwapakia wale wafanyakazi wawili garini. Mmoja wao alimwambia kwamba akitaka kuwaongezea mshahara, wako tayari kubaki. Kitundu alicheka, akafunga mlango wa gari, na akawapeleka nyumbani kwao kwa Bi Sarafina.

Funzo: Kila mwenye ujuzi unayemwona, kuna mtu aliyevumilia makosa yake. Usisubiri kumchukua aliyeivishwa na mwenzio. Fundisha wa kwako, na kazi ya wote itasonga mbele.