Hodi ya Mamba

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa mto.

Na mto ukawa na mwenyewe.

Hapo kale, karibu na mahali mto unapoingia baharini, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mpunga. Mbele yao bahari, chumvi tupu. Nyuma yao mto, maji matamu. Na ndani ya mto, mamba. Alikuwa mmoja tu, mkubwa, mwenye subira kuliko mtego.

Mamba huyo alichukua mbuzi. Akachukua mbwa. Kisha akamchukua Bi Rukia, akiwa anasuuza sufuria.

Wazee wakasema, "Tuhame." Lakini wahamie wapi, na mpunga umeanza kuchanua?

Katika kijiji hicho aliishi Mize, na mumewe Komora, na binti yao wa pekee, Saumu. Saumu alikuwa amefika umri wa kuteka maji, na zamu yake ilikuwa inakuja.

"Nitamtekea mimi," Komora akasema.

"Na siku ukiwa shambani?"

Komora akachukua shoka lake, akaanza kulinoa. Alikuwa mtu wa maneno machache.

Mize akaenda mtoni, akasimama mbali, mkia usipofika. "Mamba, mbona unatumaliza?"

"Mama, kosa langu nini? Kila asubuhi mnaniita."

"Nani kakuita?"

"Nyote. Ndoo, ndoo, ndoo. Wahenga wenu si husema, kataa neno, usikatae wito?"

Enyi mnaonisikiliza, watu wa huko hawasemi njoo. Husema ndoo. Na ndoo ya maji nayo ni ndoo. Basi wanawake walipopokezana vyombo, shika ndoo, lete ndoo, mamba alisikia anaalikwa karamuni.

Mize akacheka kidogo. "Kweli, tumekuita. Lakini aliyeitwa huingia bila hodi?"

Mamba akafikiri. "Nipige hodi wapi? Mto hauna mlango."

"Mlango utauona kesho. Ukisikia karibu, ingia. Ukipiga hodi tatu bila jibu, rudi ulikotoka."

"Sawa. Mimi ni mtu wa adabu."

"Mtu si wewe. Lakini adabu tunakuachia."

Siku hiyohiyo Komora na wenzake walikata boriti za mikoko, wakazipigilia majini bega kwa bega kuzunguka mahali pa kutekea. Wakaacha mlango mmoja, wakaufunga kwa fito.

"Mize, si mmeshaelewana na mamba?" wanawake wakamtania. "Boriti za nini tena?"

"Adabu ni yake. Boriti ni zetu."

Akawafundisha. Matumbo ya samaki yafukiwe mbali na mto. Maji yatekwe jua likishapanda. Na pale majini mtu asiseme karibu, hata kwa mama yake mzazi.

Siku ya kwanza mamba akaja. Hodi. Hodi. Hodi. Kimya. Akarudi.

Siku ya pili, hodi, hodi, hodi. Kimya. Akarudi.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Saumu. Mamba alikuwa amejifunza. Alilainisha sauti mpaka ikawa ya bibi kizee.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, wajukuu."

Kimya.

"Hodi, Saumu mwanangu. Jua linaniunguza."

Mtoto aliyelelewa vyema hamwachi mzee juani. Neno likamponyoka Saumu: "Ka..."

Wanawake wakaganda. Fito za mlango zikatikisika.

"Ka... kata yangu imejaa," Saumu akasema. Akamimina maji ndooni, akajitwika, akapanda ukingo bila kugeuka.

Mamba akabaki na pua yake kwenye fito. Hodi zake tatu zilikuwa zimekwisha.

"Binti huyu," akauliza, "kalelewa na nani?"

"Na aliyekuwekea mlango," wanawake wakamjibu.

Mamba akazama, akaenda zake. Na kila boriti iliyooza, watu waliibadilisha kabla hajaijua.

Mize aliishi miaka mingi, akafa kitandani pake, si mtoni. Wageni wa matanga walikuja kwa mitumbwi, wakashukia palepale penye boriti. Komora alisimama ukingoni kuwapokea. Hakusema karibu. Aliwanyooshea mkono, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wakafika nchi kavu.

Hadithi yangu imeshuka mtoni, imepanda na maji. Atakayeifuata, atazame boriti kwanza.